Marufuku Kumtania Mshamu

Siku Mshamu aliporudi Likombe kutoka hospitali ya bara, mtani wake Isihaka alimwamkia shikamoo.

Shikamoo! Isihaka! Mtu waliyeingia naye jando moja, wakalia kilio kimoja, na tangu siku hiyo hajawahi kumwita Mshamu kwa jina alilopewa na baba yake maadamu lilikuwapo jina baya zaidi la kumwita. Ukoo wa Mshamu na ukoo wa Isihaka walikuwa watani tangu enzi za mababu. Utani wenyewe ulianzaje, hakuna aliyejua. Wengine walisema ni vita, wengine njaa, wengine mwanamke. Lakini sheria zake kila mtu alizijua: mtani hana adabu kwako, nawe huna adabu kwake. Akikutukana unacheka. Akichukua kuku wako unamwuliza kama ameshiba. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

"Shikamoo," alisema Isihaka, kofia mkononi, macho chini.

Mshamu akageuka kumtazama huyo mzee anayeamkiwa. Nyuma yake palikuwa na mbuzi.

"Unamwamkia mbuzi?"

Isihaka hakucheka. "Karibu nyumbani. Pole na safari. Mungu akuzidishie afya." Akavaa kofia yake, akaondoka upesi kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wa ndui.

Mshamu akabaki na kifurushi chake mkononi. Mbuzi naye, baada ya kutafakari kidogo, akaondoka.

Mambo yalikuwa hivi. Mshamu alikuwa mlevi, na hapa hakuna haja ya kuzunguka mbuyu. Likombe yote ilikunywa uraka, yale maji ya mabibo, matunda ya mkorosho, yanayoachwa yachachuke, kila msimu wa korosho ulipofika. Wengine walikunywa wakaenda kulala, wengine wakanywa wakaenda kuswali kwa kuchelewa. Mshamu alikunywa mpaka msimu ukaisha, kisha akahamia kwenye gongo kungojea msimu mwingine. Alimpa mkewe Fauzia talaka tatu siku ambayo yeye mwenyewe haikumbuki. Fauzia anaikumbuka vizuri, na mume wake mpya wa Msimbati anaishukuru. Mwishowe Mshamu akaanza kuona siafu wakipanda ukutani wakiwa wamevaa viatu, akakimbia barabarani na shuka, wakamkamata, wakampeleka hospitali ya mjini, na hospitali ya mjini ikampeleka bara, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kule alikaa mpaka mvua zikapita. Alitetemeka, akatapika, akalia, akapona. Alilima bustani ya hospitali, akacheza bao na bwana mmoja aliyeamini kwamba yeye ndiye Mkuu wa Wilaya na aliyetaka kila kete iombewe kibali. Wagonjwa wenzake walimwita Korosho. Walimwigiza anavyosema, walimfichia viatu, walimwuliza kama kweli kwao watu wanaoana na panya. Alicheka kule kuliko alivyopata kucheka akiwa mzima.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimweleza kaka yake, Omari, aliyekwenda kumchukua: matibabu hayajaisha, yamehama tu. Ataendelea kama mgonjwa wa nje huko Mtwara, kila Jumanne. Atakunywa vidonge ambavyo haviwezi kukaa mwili mmoja na pombe: akinywa pombe juu yake uso utawaka, moyo utapiga kama ngoma, atatapika nyongo, na anaweza kufa. "Na nyumbani apate utulivu," daktari akamalizia. "Asibughudhiwe."

Basi Omari ni mtu wa kubeba maagizo kama mayai. Hakuvunja hata moja. Alipofika Likombe aliyafikisha yote kwa Mzee Thabiti, mjumbe wa nyumba kumi, na Mzee Thabiti, ambaye tangu achaguliwe hajawahi kupata agizo zito kama hilo, akawakusanya watu.

"Ni marufuku kumbughudhi Mshamu," alitangaza. "Marufuku kumzomea. Marufuku kumtania. Damu yake bado mbichi."

"Hata watani?" mtu mmoja akauliza.

"Watani hasa! Nyinyi ndio wabughudhi wakubwa."

Nia yao ilikuwa njema, na ndiyo maana Mshamu hakupata mahali pa kuishika akagombana nayo.

Alipokwenda barazani, mazungumzo yalinyamaza, mtu akanyanyuka kumpisha kwenye kiti kizuri, na chai ikaletwa yenye sukari ya kumtosha mgeni wa serikali. Kisha wote wakatazama vidole vya miguu yao. Siku moja akajaribu kuwachokoza.

"Leo jua limetoka magharibi," akasema.

"Ndiyo, Mshamu."

"Na mimi nimepewa uchifu."

"Hongera, Mshamu. Unastahili."

Kwenye bao walimwacha ashinde. Mara ya kwanza alidhani amekuwa mjuzi kwa kucheza na Mkuu wa Wilaya. Mara ya pili akamwona mwenzake akiruka shimo lililojaa kete, shimo ambalo hata kipofu angelila, ili tu Mshamu asiudhike. Akaziweka kete zake chini taratibu, akaaga. Walimwombea usiku mwema. Ilikuwa saa kumi ya jioni.

Iliyobaki ilikuwa Jumanne.

Jumanne alitembea kwa miguu mpaka hospitali ya mjini, akakaa kwenye benchi pamoja na wenye kifua na wenye vidonda, akangoja zamu yake kwa Sista Sabina. Huyu Sabina alikuwa mama mnene wa Newala, mwenye miguu inayouma na ulimi usiouma ila kwa wengine.

"Umechelewa, bwana mkubwa. Au ulidhani hospitali hii ni ya shemeji yako?"

"Samahani, Sista."

"Samahani haitibu. Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Mungu wangu, meno haya unapigia mswaki au unachungulia tu?"

Mshamu aliinua ulimi na moyo ukainuka pamoja nao. Vidonge vingine alifungiwa kwenye karatasi, ameze kimoja kila asubuhi nyumbani.

"Na usije ukajidanganya," Sabina alimwonya, "ukaacha leo ukanywa kesho. Kinakaa damuni wiki nzima, wiki mbili, chenyewe kinakuvizia. Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala."

"Una watu wa kukaa nao?"

"Tele. Likombe nzima."

"Haya, toka. Wewe wa kifua, ingia, usinikoholee mlangoni."

Njiani kurudi, Mshamu alikuwa akiyarudia maneno yale kichwani kama mtu anayenyonya mfupa. Kuna Jumanne alizokaa nyuma ya ukuta wa hospitali akingoja mpaka achelewe, ili akaripiwe vizuri.

Kisha mabibo yakaiva. Aliyewahi kuwa Mtwara msimu huo anajua: harufu haiombi ruhusa. Inakuja na upepo asubuhi, tamu kidogo, kali kidogo, inaingia ndani ya nyumba na kukaa kwenye nguo. Chini ya kila mkorosho mabibo yalitapakaa mekundu na manjano, nyuki juu yake, na kila uani palikuwa na pipa lililofunikwa kwa gunia, likijisemea chini kwa chini. Watu waliingia mashambani kwa makundi, wakiokota korosho, wakiimba, wakitukanana kutoka mti hadi mti. Mshamu alipewa mikorosho ya mwisho kabisa mpakani, peke yake. Alikuta mabibo yameshaokotwa na kuondolewa, zimeachwa korosho tupu kwenye majani, safi, kama anachezeshwa mtoto. Wanawake wenye vyombo vya uraka kichwani walipinda njia wakazunguka shamba zima ili wasipite mbele yake. Uvumi ulikuwa umekua: Mshamu akinusa tu, anakufa.

Kila jioni alisikia vicheko vikitoka kwa Mwanakombo, muuza uraka. Alikuwa anamjua kila mwenye kicheko. Kile cha kukauka ni cha fundi makuti. Kile kinachoanza kama kikohozi ni cha Isihaka.

Katikati ya msimu huo Sabina akaenda likizo kwao. Mahali pake akakaa kijana mmoja, Andrea, mpole, ametoka chuoni na kola yake bado imenyooka.

"Karibu, mzee wangu," alisema Andrea. "Ukipata nafasi, umeze. Hapana, sina haja ya kukagua mdomo. Nakuamini."

Mshamu akamtazama kwa muda mrefu. "Nimechelewa," akasema, kumkumbusha.

"Haidhuru, mzee wangu. Njia ni ndefu."

Jumanne iliyofuata hakwenda. Na ile iliyokuja baadaye hakwenda. Vile vya kwenye karatasi alivimwaga chooni. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kilichowatenga watu naye ni kidonge. Kidonge kikimtoka damuni, atakwenda kwa Mwanakombo, atakaa kwenye lile gogo, atakunywa kata moja mbele yao wote, wamwone hajafa, na Isihaka atakohoa kile kicheko chake na kumwita jina baya. Kata moja tu, ya kufungulia mlango. Hivyo ndivyo alivyojiambia, naye alikuwa mtu aliyewahi kujiambia mambo mengi ya aina hiyo na kuyaamini yote.

Alhamisi moja asubuhi mama yake Isihaka, Bi Halima, akafariki.

Msiba wa mtani ni kazi. Wafiwa wanalia, watani ndio wanaochota maji, wanaopasua kuni, na zaidi ya yote ndio wanaomsema marehemu. Maiti wa Likombe hazikwi bila kutaniwa. Mtani atavaa kanga ya marehemu na kutembea kama yeye, atalaza mwili wake njiani kuzuia jeneza lisipite, atadai marehemu alimwibia ndizi, na wafiwa watajikuta wanacheka na machozi mashavuni. Shehe hakuupenda mchezo huo, lakini naye alikuwa mtu wa hapo hapo. Ulipofika wakati wake alijifanya anasafisha miwani.

Katika kazi hiyo Mshamu hakuwa na mfano. Mizaha yake ya misibani ilisimuliwa mpaka Mikindani. Ila yeye mwenyewe hakukumbuka hata mmoja. Yote aliifanya akiwa amelewa, na kesho yake alisimuliwa kama anavyosimuliwa mtu aliyekuwa safarini. Kwa hiyo aliamini, na hakuwahi kumwambia mtu, si daktari wa bara wala Sabina, kwamba yule aliyekuwa akichekesha si yeye. Ni uraka. Yeye alikuwa chombo cha kuubebea tu.

Omari alikuja kumwambia habari za kifo. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Wewe pumzika," akasema. "Mjumbe amesema utani wa ukoo wetu nitaufanya mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Omari, wewe hujachekesha mtu tangu ulipozaliwa. Hata mkunga alisikitika."

Omari akatazama juu. Midomo yake ilikuwa ikicheza polepole. Mshamu akatambua kwamba kaka yake alikuwa anakariri.

Omari alipoondoka, Mshamu alikaa kitandani kidogo. Halafu akavaa kanzu, akashika njia. Lakini hakwenda msibani. Alikwenda kwa Mwanakombo.

Pale uani walikuwapo wanaume wawili tu, wachimba kaburi wakijipoza koo kabla ya kurudi kwenye kazi. Mwanakombo alikuwa ameinama kwenye pipa. Alipomwona Mshamu akainuka na kata ikidondosha.

"Ewe Mola! Rudi nyuma, Mshamu. Harufu hiyo!"

"Naisikia. Nitilie."

"Nikutilie unifie hapa? Leo tuna maiti mmoja tayari."

"Vidonge nimeviacha. Nitilie, dada Mwanakombo, nina kazi msibani. Kata moja."

Mwanakombo aliwatazama wale wawili, nao wakatazama upande wa kaburi walilokuwa hawajalimaliza. Mmoja akaweka kata yake chini, akafuta midomo. Wa pili akaimalizia kwa haraka, akapaliwa. Wakachukua majembe yao na kuondoka bila kuaga. Mwanakombo akatilia, akaiweka kata kwenye gogo kwa mbali kama anamwekea mbwa asiyemjua. Kisha naye akajifunika kanga kichwani.

"Mimi sitaki kushuhudia," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mshamu akabaki na uraka.

Ulikuwa uraka mzuri, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, povu dogo ukingoni. Mate yakamjaa mdomoni. Akakaa kwenye gogo. Gogo refu, linaloweza kukaliwa na watu wanane wakibanana, na mara nyingi wakibanana lilikaliwa na kumi. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Nyuma ya mlango Mwanakombo alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, tena dua ya maiti.

Alikuwa amekuja kufuata vicheko, na vicheko vimechukua majembe vikaenda zao. Hata hapa angekunywa peke yake, kama anavyokunywa chai peke yake. Akaiinua kata mpaka kidevuni. Akafikiria kile kidonge kinachovizia, akahesabu siku, hesabu ikakataa kukamilika. Basi tusimpambe sana: sehemu moja ilikuwa akili imemrudia, na sehemu nyingine ilikuwa woga wa kufa uani kwa mwanamke asiye ndugu yake. Akairudisha kata kwenye gogo, imejaa vilevile.

"Mwanakombo," akaita. "Naondoka. Uraka wako huu hapa, mzima."

"Na wewe?" sauti ikauliza ndani.

"Na mimi mzima."

"Alhamdulillahi. Funga mlango wa ua, kuku wasitoke."

Alipowafikia watu wa msiba, jeneza lilikuwa tayari njiani kwenda makaburini, katikati ya mikorosho, wanaume wakipokezana mabega. Isihaka alikuwa mbele, upande wa kulia, macho mekundu. Omari alikuwa amewatangulia hatua chache, amevaa kanga ya marehemu begani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayepelekwa kuozeshwa kwa nguvu.

"Bi Halima," akasema Omari, akasimama. Jeneza nalo likasimama. "Bi Halima alikuwa..." Midomo ikacheza. "Alikuwa mfupi."

Watu wakangoja yaliyobaki. Hayakuwapo. Mtu mmoja akakohoa kwa huruma. Isihaka akainamisha kichwa, na Mshamu akaona bega lake limeshuka, si kwa uzito wa jeneza. Mama yake alikuwa anakwenda kuzikwa kama mtu asiye na kwao.

Mshamu hakuwa na mzaha hata mmoja. Alitafuta ndani yake akakuta ghala limefagiwa. Miguu tu ndiyo iliyotangulia: ikapita pembeni ya watu, ikafika mbele, na hapo akajilaza chali katikati ya njia, kanzu nyeupe juu ya majani makavu.

"Mshamu!" Mzee Thabiti akapiga kelele. "Inuka, mwanangu, utaumwa!"

"Ameanguka," mtu akasema. "Ni vile vidonge."

"Amekunywa."

Mbebaji mmoja akainama kumnusa mdomo, akainuka ameshangaa. "Hanuki kitu."

Mshamu alikuwa akitazama mbingu kupitia majani. Moyo ulimpiga bila pombe wala kidonge. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba, hakuitambua.

"Mimi siondoki hapa," akasema. "Nawahurumia malaika."

Wabebaji wakabadilishana mabega.

"Wale wawili wanaokuja kaburini kuuliza maswali. Wamezoea kuuliza wao. Leo wamepatikana." Akanyoosha kidole kwenye jeneza. "Huyu mama nimepita mlangoni kwake maisha yangu yote, na sijawahi kuvuka bila kuulizwa mimi ni mtoto wa nani. Anamjua baba yangu, anamjua babu yangu, jana kaniuliza, leo ananiuliza tena! Sasa hao malaika wataingia na rungu lao, 'Nani Mola wako?' Na yeye atawaambia, 'Hebu ngojeni kwanza. Nyinyi watoto wa nani? Wa upande upi? Mbona mmoja wenu pua yake kama ya watu wa Mikindani?'"

Hakuna aliyecheka. Walimtazama machoni, wakitafuta kichaa mle ndani. Shehe alikuwa ameanza kusafisha miwani, lakini polepole, kama ambaye hajaamua. Mzee Thabiti akatoa sarafu mfukoni, akaiweka karibu na bega la Mshamu kwa adabu, ndivyo mtani anavyolipwa ili aachie njia.

"Sitaki hela," Mshamu akasema.

Isihaka akampa mtu mwingine bega la jeneza, akaja, akachuchumaa. "Ndugu Mshamu, tafadhali..."

"Ndugu? Nani ndugu yako hapa?" Mshamu akajiinua kwa viwiko. Macho yao yakakutana, mara ya kwanza tangu siku ya mbuzi. "Isihaka. Mama yako amekufa, Mungu amrehemu, na ametaniwa. Hata maiti anataniwa. Mimi niko hai, miezi yote hii, na hakuna mtu. Unanipa shikamoo. Mnaniachia bao. Siondoki hapa mpaka unitukane."

"Tulikatazwa."

"Najua mlikatazwa. Nitukane."

Isihaka akamtazama Mzee Thabiti. Mzee Thabiti akatazama mti. Machozi ya Isihaka, yaliyokuwa yakitiririka tangu asubuhi, yaliendelea kutiririka, na mdomo wake ukaanza kufanya kitu kingine kabisa, ukipinda upande mmoja.

"Ondoka njiani," akasema, sauti ikikatika, "wewe kichwa bibo lililokanyagwa! Mama yangu hata kufa hawezi bila wewe kulala mbele yake? Ulilala mbele ya nyumba yake ukiwa umelewa, sasa unalala mbele yake ukiwa mkavu, tofauti iko wapi? Afadhali zamani, ulikuwa unakoroma tukajua upo!"

Hapo mbebaji mmoja akashindwa. Kicheko kikamtoka puani, jeneza likatikisika, mwingine akasema, "Mshikeni vizuri Bi Halima asije akauliza sisi watoto wa nani," na ndipo kikapasuka, mstari wote, mabega yakitetemeka chini ya maiti. Isihaka alicheka na kulia hata hakuweza kusimama. Mshamu akamvuta mkono, au yeye akavutwa, wakasimama. Shehe akavaa miwani.

"Tumalize, jamani," akasema. "Jua linakwenda."

Kicheko kilidumu kidogo tu. Kaburini walinyamaza kama inavyopasa. Baadaye, kwenye chakula, wanaume walipokaa wanne wanne kuzunguka sinia, Mshamu aliletewa sahani yake peke yake, iliyofunikwa vizuri. Fundi makuti alimwambia, "Kula, bibo," kisha akashtuka na kumwomba radhi. Isihaka alikuwa ndani na wafiwa. Na jioni ile, nyumbani, kiu ilimjia Mshamu kwa nguvu kuliko siku zote za msimu, kwa sababu sasa alijua kwamba uraka hakuuhitaji kwa kazi yoyote, na kiu haikujali hilo. Alikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Alikaa amejishika magoti. Vicheko vya kwa Mwanakombo havikuwapo, kijiji kilikuwa kwenye matanga.

Jumanne akaenda mjini. Hakujificha nyuma ya ukuta. Alifika mapema, akakaa kwenye benchi.

"Karibu, mzee wangu," alisema Andrea. "Hukuonekana."

"Niliacha vidonge. Nilivimwaga chooni. Nikaenda mpaka kwenye uraka, nikaushika."

Andrea akaweka kalamu chini. "Ukanywa?"

"Sikunywa. Karibu ninywe."

"Umefanya vizuri sana kuniambia."

"Wewe kijana hujui kukaripia?"

Andrea akaona haya. Akajaribu. Akakunja uso, akanyoosha kidole. "Usirudie tena," akasema, na kwa mazoea akaongeza, "tafadhali."

Mshamu akatikisa kichwa. Kijana alikuwa na safari ndefu. Akapokea kidonge, akameza, na bila kuambiwa akafungua mdomo na kuinua ulimi. Andrea akachungulia kwa heshima.

"Jumanne ijayo?"

"Jumanne ijayo."

Akatoka na karatasi ya vidonge mfuko wa ndani. Njia ya kwenda Likombe ilikuwa nyeupe kwa jua na haikuwa na mtu. Arobaini ya Bi Halima ilikuwa mbele, na arobaini nayo ni ya watani. Isihaka angekuja amejiandaa, lazima, baada ya aibu ya kulia mbele ya watu. Mshamu akaanza kupanga. Mzaha wa kwanza ulihusu masikio ya Isihaka, ukamjia mzima mzima, bila kuombwa, akacheka kwa sauti akiwa katikati ya barabara. Wa pili ukaja juu ya wa kwanza, akalazimika kusimama, mikono kiunoni.

Mwanamke mmoja alikuwa anakuja kutoka upande wa pili na kapu kichwani, mtoto mkononi. Alimwona mwanamume peke yake, anacheka na barabara. Akamhamishia mtoto upande wa nje, akavuka mpaka ukingoni.

"Habari za huko, mama?" Mshamu akamsalimu.

"Nzuri, nzuri," akajibu upesi, bila kupunguza mwendo.

Mshamu akampisha nafasi yote aliyoitaka. Alipokwisha kupita, akajaribu mzaha wa tatu. Haukuwa mzuri. Akaurudia kwa sauti nyingine, akitembea.